Bahari ya Kibomet

"Nani ameingiza mkono kwa maji?"

Kinyua aliuliza hivyo kabla hajasalimia mtu. Alikuwa bado na koti la safari, na nje lori lilikuwa halijashusha mapipa aliyotoka nayo Mombasa. Alisimama mbele ya tangi lake la samaki kama mtu aliyeitwa mochari kutambua maiti.

"Hakuna mtu," Emmy alijibu nyuma yake.

Huo ulikuwa uongo. Ni ule uongo mdogo wa woga, unaotoka mdomoni kabla akili haijafika. Jana yake jioni yeye mwenyewe alipanda ngazi, akazamisha mkono hadi begani, akainua tumbawe lililoanguka kifudifudi kwenye mchanga. Alilionea huruma. Kinyua alikuwa na sheria moja tu katika nyumba ile: mkono wa mtu mwingine usiingie kwa maji. Lakini tumbawe moja, jameni, kuna ubaya gani?

Sasa maji yalikuwa meupe kama yaliyooshewa mchele. Kamba walilala chali, miguu juu. Wale samaki wadogo wa rangi ya chungwa, ambao Emmy alikuwa amewapa majina, walikuwa wamebanwa na mkondo wa maji kwenye kona, hawatikisiki.

"Hivi vitu havijifii tu, Emmy. Jenereta ilizima?"

"Haikuzima. Nililala hapa kwa kochi nikiisikiliza."

"Basi nani alikuja hapa?"



"Mama yangu."

"Mama yako? Ndani ya hii nyumba?"

"Na akina mama wawili wa kanisa. Walikuja kuona mahali nitaolewa. Alikuja kwa sababu hukuwepo."

Hapo hakudanganya. Kwao Kamukuywa, mama mkwe na mkwe hawatazamani usoni, hawaketi chumba kimoja, wala hawasemeshani bila mtu wa katikati. Mamake, Mama Phelista, asingekanyaga nyumba hii ya Kibomet, hapa Kitale, mwenyewe akiwepo.

"Wakafanya nini?"

"Waliomba."

"Wakiwa wapi?"

"Hapa. Mbele ya tangi."

Kinyua hakuuliza kwa nini. Kitale nzima ilijua kwa nini. Huku bara, kitu cha bahari kikiingia kwa mtu ambaye ng'ombe wake wanatoa maziwa vizuri, watu hawasemi ni samaki. Wanasema ni majini, na kwamba majini hutaka watoto.

Tangi lenyewe halikuwa la kuweka mezani. Lilikula ukuta mzima wa sebule, refu kuliko pikapu, kioo chake kinene kama Biblia. Kabla ya kuleta tone la maji, Kinyua alivunja sakafu ya babake, akachimba, akamwaga zege na vyuma, maana uzito ule ungeteremka na nyumba. Maji yalitoka Mombasa: lori likipeleka mahindi, likirudi linabeba bahari kwa mapipa. Majirani walicheka hadi wakashika mbavu, ati mtu ana kisima lakini anasafirisha maji ya chumvi! Kisha kwa miezi tangi likakaa na mawe matupu, pampu zikivuma, Kinyua akipima chumvi kila asubuhi kama nesi anayepima presha. Maji yakipungua aliongeza ya mvua aliyoyachuja, kwa sababu maji hupaa, chumvi hubaki. Baridi ya Kitale unaijua; ilibidi yapashwe joto usiku na mchana, na mwaka huo wa 2009 stima ilipoanza kukatwa kwa zamu, jenereta ndiyo ikawa mlinzi. Hatimaye samaki wakaja, na matumbawe yaliyokuzwa na rafiki yake mwenye kibali kule pwani.

Emmy aliwahi kumwuliza, "Lakini kwa nini, Kinyua?"

Naye akajibu, "Mwaka jana, zile vurugu za uchaguzi, ghala letu likichomwa, tulichookoa ni vitu vya kubebwa tu. Mzee alibeba vyake akaenda Nyahururu, hadi leo. Nimechoka na vitu vya kubebwa. Nataka kitu ambacho nikiwa nacho siwezi kuhama."

Emmy hakumwuliza tena. Siku hiyo ndiyo alimkubali.

"Mpigie mamako," Kinyua alisema. "Weka spika."

Emmy alipiga. Simu ilipokelewa mara moja.

"Mayi, mkiomba jana kwa ile nyumba, mliweka kitu kwa maji?"

"Kwani nini?"

"Samaki wamekufa. Wote."

Sauti ya Mama Phelista ikapasua sebule:

"Wote? Bwana asifiwe! Nilijua! Nilimwambia Mungu, kilicho ndani ya hiki kioo kisione Jumatatu! Emmy mtoto wangu, umekombolewa!"

Emmy alikata simu. Ulimi hauna mfupa, walisema wahenga, na wa Kinyua siku hiyo haukuwa hata na mwenyewe.

"Nyinyi watu mko hivyo," alisema polepole. "Kwanza moto. Sasa sumu."

"Umesema nini?"

"Umesikia."

"Nyinyi watu ni akina nani, Kinyua?"

Akageukia tangi.

"Nakuuliza! Ule mwezi wa moto ulilala wapi? Si ni kwa chumba changu? Wiki mbili, wewe na dada yako Rahab, na mimi nalala kwa jirani nikidanganya watu ati nina wageni wa kanisa. Hapo nilikuwa nani? Nilikuwa hao watu?"

"Emmy..."

"Usiniguse."

Alivua pete ya uchumba, akaiweka juu ya ngazi kando ya tangi. Hakubeba hata nguo. Alipita lori na mapipa yake, akaenda zake Kamukuywa.

*

Jumapili iliyofuata Mama Phelista alisimama kanisani, kitambaa chake cheupe kichwani, akashuhudia.

"Niliweka mkono juu ya kioo, nikasema toka! Asubuhi, wote wafu!"

Kanisa likalipuka kwa vigelegele. Emmy alikaa nyuma, macho kwenye viatu vyake.

Nyumbani akamfuata mama yake jikoni.

"Mayi, niambie ukweli. Hata kama ni mafuta tu ya maombi, mliweka?"

"Mbele ya Mungu, sikuweka kitu. Kwani wewe unaona maombi hayatoshi?"

"Nimeuliza tu."

"Basi acha kuuliza, shukuru. Ungezaa na nini kule? Na samaki?"

Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo Emmy, ambaye ni mwalimu wa nasari mjini Kitale, hakuwa na kisingizio cha kurudi. Simu ya Kinyua ilikuja mara nyingi, hakushika. Kisha ukaja ujumbe:

"Emmy. Si juu ya tangi. Ni juu ya yale maneno. Nimekosea wewe na nimekosea mama. Nipe ruhusa nije na wazee."

Aliusoma hadi akaujua kwa moyo, wala hakujibu. Alikuwa na hasira ya haki, na hasira ya haki ni tamu, acha tu. Inakufanya ulale ukijiona malaika.

Ikamtoka asubuhi moja. Babake, Mzee Wakoli, alikuwa akipiga ng'ombe dawa ya kupe, Emmy akimshikia kamba. Walipomaliza, Emmy akashuka hadi kidimbwi cha samaki alichochimba mzee mwaka huo, akainama kunawa.

"Emmy! Wewe! Toa hiyo mikono!"

"Ni nini, Papa?"

"Dawa ya kupe na samaki? Unataka kunimaliza? Jirani Mukhisa alisuuza pampu yake ya dawa kwa kidimbwi chake. Kesho yake alikuwa anaokota samaki na debe."

"Lakini hii ni kidogo tu. Imeshika tu kwa nguo."

"Hata ya kwa nguo! Nenda unawe kwa bomba, na sabuni."

Emmy hakusogea. Alikuwa ameiona ile Jumamosi yote tena. Kipkoech, kijana wa kuchunga ng'ombe wa Kinyua, alikuwa ameenda mazishini kwao. Kupe walikuwa wengi. Emmy akajitwika pampu mgongoni apige dawa mwenyewe, ili mchumba wake akirudi akute kazi imekwisha. Dawa ikamlowesha sweta hadi kwapani. Alipokuwa akinawa, akina mama wakabisha geti, akajisuuza kwa maji matupu, akawakimbilia. Na jioni alikuwa na sweta ileile, ikazama naye majini hadi begani.

"Una nini? Umeona nyoka?"

"Sina kitu, Papa."

Alikuwa na kitu, tena kizito. Akisema, atampokonya mama yake ushuhuda ambao kanisa zima limeupigia vigelegele, na atampa Kinyua sababu ya kutomtaka tena maisha. Akinyamaza, ataombwa msamaha vizuri, aolewe, na hakuna atakayejua. Usiku huo aliandika kwenye simu, "Ni mimi." Akafuta. Akaandika tena. Akafuta. Mwishowe alituma neno moja:

"Njoo."

*

Kinyua alikuja na Rahab dada yake, na mjomba wao Kimotho, mzee wa maneno machache. Walikuja na kondoo na blanketi la mama. Mzee Wakoli aliwapokea sebuleni. Mama Phelista alikaa chumba cha pili, nyuma ya pazia, kama desturi inavyotaka.

"Mzee Wakoli," Kimotho alianza, "tumekuja tukiwa wadogo. Kijana ana deni la mdomo. Atasema mwenyewe."

Kinyua alipiga magoti, macho chini.

"Mzee, umwambie mama hivi. Nilimwita mtu wa sumu bila kuona. Na nilisema 'nyinyi watu'. Hilo ndilo linaninyima usingizi. Hao watu ndio walinificha. Kama si mtoto wake, mimi na Rahab tungekuwa chini ya udongo."

"Umesikia, Phelista?" Wakoli aliuliza bila kugeuka.

"Nimesikia," sauti ikatoka nyuma ya pazia. "Mwambie nimemsamehe. Lakini umwambie pia sioni haya kwa kuomba. Kile kitu kilitoka kwa jina la Mungu. Mtoto wangu harudi kukaa na hilo tangi."

Rahab alimtazama ndugu yake. Alijua tangi lile ni nini kwake.



"Mwambie mama sawa," Kinyua alisema mwishowe. "Nikirudi Kitale nitavunja kioo. Emmy hatakuta tangi pale."

"Kinyua!" Rahab alishtuka.

"Ni sawa, Rahab. Afadhali yeye."

Emmy alikuwa amesimama mlangoni na sinia ya chai. Aliiweka chini.

"Usivunje," alisema.

"Emmy, wazee wanaongea," babake alimkanya.

"Papa, niache. Kinyua, usivunje. Mayi hakuua kitu. Maombi hayakuua kitu. Ni mimi."

"Wewe nini?"

"Nilipiga ng'ombe dawa ya kupe siku ile. Sweta ikalowa. Jioni nikaona tumbawe limeanguka, nikaingiza mkono na hiyo sweta. Sikujua. Nimejua juzi tu, hapo kwa kidimbwi cha Papa."

Kimotho alishusha fimbo yake sakafuni taratibu. Pazia likatikisika.

"Emmy," sauti ya mama ikaita, nyembamba. "Unasema Mungu hakunijibu?"

"Nasema ni mimi, Mayi."

"Nilisimama mbele ya kanisa."

"Najua."

"Walinipigia vigelegele, Emmy! Mama Wekoye alilia machozi! Sasa mimi niwaambie nini?"

"Sijui, Mayi. Nisamehe."

Kinyua aliinuka, akatoka nje bila kuaga. Emmy akamfuata hadi kando ya ghala la mahindi. Alimkuta ameshika ukuta, mgongo kwake.

"Nilikuuliza," Kinyua alisema. "Nilikuuliza nani ameingiza mkono. Ukaniangalia ukasema hakuna."

"Niliogopa."

"Uliogopa? Emmy, wewe ulisimama mlangoni watu wakipita na mapanga, ukawaambia hakuna mtu ndani. Hukuogopa. Mimi ndio wa kuogopa?"

"Wale nilijua watapita," Emmy alisema huku analia waziwazi. "Wewe nilitaka ubaki."

Kinyua aligeuka. Macho yake yalikuwa mekundu. Hakumkumbatia, na Emmy hakutegemea akumbatiwe. Walisimama tu hapo, kila mmoja na kosa lake, hadi Rahab alipoita kutoka mlangoni.

"Wazee wanangoja. Wanauliza kama kondoo anarudi."

Kinyua alipangusa uso kwa mkono wa shati, akaingia ndani, akapiga magoti palepale alipokuwa.

"Mzee, umwambie mama. Dawa ya kupe iliua samaki. Lakini yale maneno hayakusemwa na dawa ya kupe. Niliyasema mimi, na ningeyasema hata kama angekuwa ameweka kweli, na bado yangekuwa makosa. Msamaha niliokuja kuomba ni uleule. Kondoo abaki."

Wakoli alingoja jibu kutoka kwa pazia. Halikuja.

*

Wiki nzima Kinyua hakupiga simu. Emmy alikula kidogo, akalala kidogo, na mama yake alimpa chakula bila kumtazama. Kisha ujumbe ukaingia:

"Nimebadilisha maji yote. Kuna mawe machache bado yana uhai, nimeona kitu kidogo kinatembea juu yake. Itachukua mwaka kurudi vile ilikuwa. Siwezi peke yangu. Bado nina hasira kidogo. Uje tu."

Alienda. Alikuta ile pete bado iko juu ya ngazi, hakuna aliyeigusa. Aliivaa mwenyewe. Kinyua alimwona, akampa ndoo ashike.

Harusi ikapangwa Desemba. Kule kanisani Kamukuywa matangazo ya ndoa husomwa Jumapili tatu mfululizo. Ya kwanza ikapita. Ya pili ikapita. Muda huo wote Mama Phelista hakutaja samaki, hakutaja tangi, na akina mama wa kanisa wakaendelea kuusimulia ule muujiza hadi Lugulu. Watu wakaanza kuulizana chinichini: kama kijana alifuga majini, mbona huyu msichana anarudi kuolewa naye?

Jumapili ya tatu Kinyua alikuja, akakaa benchi la mwisho upande wa wanaume, mbali na mama mkwe.

"Kama kuna mtu yeyote anayejua kizuizi cha ndoa hii," mchungaji alisoma, "aseme sasa."

Benchi likalia. Mama Phelista alikuwa amesimama.



"Mchungaji, nina neno."

"Mama, ni kizuizi?"

"Nisikilize kwanza." Aligeukia watu, akiwa mwangalifu macho yasifike benchi la mwisho. "Mwezi wa nane nilisimama hapa, nikawaambia Mungu aliua majini ya huyu kijana. Mkanipigia vigelegele. Mungu hakuua. Mtoto wangu ndiye aliua, kwa dawa ya kupe, akisaidia kazi ya ng'ombe. Na hayakuwa majini. Yalikuwa samaki."

Mnong'ono ukapita. Mama Wekoye alishika mdomo.

"Nimejua tangu ile siku walikuja na kondoo. Nikanyamaza. Nilijiambia, si Mungu amesifiwa, hasara iko wapi? Lakini sifa ya uongo, Mungu ataipeleka wapi? Kila mkinisalimia 'mama wa muujiza', naenda nyumbani silali. Mtoto wangu alisema ukweli mbele ya wazee akiwa na kila sababu ya kunyamaza. Mimi ni mzazi wake. Siwezi kuwa nyuma yake."

Akakaza kitambaa chake kichwani.

"Yule kijana hana majini. Babake alihama na kumwacha, naye akatafuta kitu cha kumshika hapa. Mimi sina kizuizi. Kama kulikuwa na kizuizi, nilikiweka mimi, na leo nimekitoa."

Akaketi. Safari hii hakuna aliyepiga kigelegele. Mchungaji alisafisha koo, akatafuta mstari wake kwenye karatasi, akaendelea kusoma kama mtu anayetembea kwenye utelezi.

Nyuma kule Kinyua alikuwa ameinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Desturi haikumruhusu kwenda kumshukuru, na yeye hakutaka kuivunja. Mzee Wakoli ndiye aliyegeuka kutoka benchi la mbele la wazee wa kanisa. Alimtazama kwa muda, kisha akasogea, akapiga mbao pembeni yake kwa kiganja mara mbili.

"Wewe," aliita, kanisa zima likisikia. "Toka huko kwa wageni, kuja ukae hapa."